Feni ya Chumba cha Vanishi

Karakana nzima walimwita Kioo, na jina hilo halikuwa la utani. Meza ikitoka mikononi mwake ungeweza kuiinamia ukanyoa ndevu. Wenzake walikata mbao, wakapiga randa, wakaunga miguu ya viti na kugombania misumari. Yeye alikuwa na chumba chake peke yake, nyuma kabisa, ukishapita magunia ya maranda: mlango wa bati, dirisha moja dogo, stuli moja na madebe. Humo ndimo alimopaka vanishi, na ukimuuliza kwa nini anajifungia atakujibu neno moja kwa kiburi chote cha fundi: "Vumbi."

Hakuwa mwongo, angalau mwanzoni. Zamani alifanya kazi dirisha likiwa wazi. Halafu mwenye karakana akaleta msumeno mkubwa wa umeme, ukafungwa hatua kumi tu kutoka mlangoni kwake, na tangu siku hiyo vumbi la mbao likawa halina adabu. Chembe moja ikitua kwenye vanishi mbichi, kazi ya siku mbili inarudi kwenye msasa. Basi Kioo akajiwekea utaratibu. Anamwaga maji sakafuni, anafunga dirisha, anaziba upenyo wa chini ya mlango kwa tambara lililolowa, anavua shati ili nyuzi zisidondoke, ndipo anafungua debe la thina ya kuzimulia vanishi na kuanza kuchanganya.

Mwenye karakana alikuwa mjane, mwembamba wa mwili lakini mnene wa sauti, aliyeachiwa kazi ile na marehemu mumewe. Alipoona utaratibu huo alinunua feni ya kufyonza hewa, ikatundikwa juu ukutani. "Utanifia humo nikose pa kuficha uso," alisema. Feni ilizunguka wiki mbili. Ilitoa hewa huku, ikavuta vumbi kule kupitia kila tundu, na meza ya kwanza ikatoka na vipele kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga. Kioo alipanda kwenye stuli, akafungua skrubu nne za kifuniko, akachomoa waya mmoja, akaikunja ncha yake vizuri isiguse kitu, akarudisha skrubu zote nne. Mwenye karakana alipouliza aliambiwa imeungua. Akasonya, akasema atanunua nyingine. Miaka mitatu ikapita, na nyingine yenyewe haijafika.

Sasa lazima niseme kitu kuhusu Kioo, na sikisemi kwa furaha. Kabla ya sifa hizi zote alikuwa mlevi. Tena si mlevi yule wa kuchekesha harusini. Huyu alilala mtaroni mbele ya shule ya watoto wake mwenyewe, saa ya mapumziko, watoto wote wakiwa uwanjani. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alivumilia mpaka uvumilivu ukamwona mjinga. Akachukua watoto wawili akaenda kwa dada yake, akakaa huko mwaka mzima. Aliporudi hakuingia moja kwa moja. Alisimama kizingitini na begi begani.

"Siku ukilewa tena," alimwambia, "sitauliza umelewa nini, wala umelewa na nani. Nitachukua begi hili hili."

Begi lilikuwa la bluu, zipu yake imeharibika. Alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, likakaa hapo miaka minane. Yeye hakuliondoa, na mumewe hakuthubutu kuligusa.

Kioo aliacha pombe. Hilo naomba lisitiliwe shaka. Aliacha siku ile ile, bila dawa, bila mganga, akitetemeka chini ya blanketi siku tano. Kwenye sherehe alikunywa soda, na watu walimwonyesha kwa kidole cha sifa. Mkewe alimtaja kwa majirani kama mtu anayetaja cheti cha shule.

Lakini chumba kile, kikiwa kimefungwa na feni imenyamaza, baada ya saa moja kilikuwa na wema wake. Kichwa kinakuwa chepesi. Magoti yanalegea kwa utamu anaoufahamu. Nyimbo za zamani zinamjia zenyewe. Mara ya kwanza Kioo alitoka nje mbio. Mara ya pili alitoka akitembea. Mara ya tatu hakutoka. Akaanza kufungua debe mapema kuliko kazi ilivyotaka, na kupaka mkono wa tano pale ambapo minne inatosha. Wateja wakasifu mng'ao, wakaleta ndugu zao, kazi zikaongezeka. Huo ndio mtego wenyewe, kwamba kadiri alivyolewa ndivyo alivyosifiwa, na jioni alirudi nyumbani ananuka kazi, mkewe akampokea shati kwa heshima.

Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu, fundi wa makochi wanayemwita Sponji, aliyekaa ukuta wa pili akishona na kuvuta kamba za viti. Sponji alisikia nyimbo.

"Kioo, fungua hilo dirisha. Unalewa humo."

"Mimi? Mimi sinywi, bwana. Muulize yeyote."

"Sijasema unakunywa. Nimesema unalewa. Na hiyo feni nilikuona ulipopanda stuli."

"Shona makochi yako."

Sponji alimwambia hivyo mara nne, tano. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Kioo alikuwa na meza ndefu ya ofisi, ya viti kumi na viwili, iliyotakiwa kesho yake. Alikuwa amejifungia tangu asubuhi na hata chai hakutoka kunywa. Sponji alisikia nyimbo, kisha akasikia maneno yasiyoeleweka, kisha hakusikia kitu. Akaogopa. Aligonga, akaita, akausukuma mlango kwa bega. Tambara likateleza, upepo ukaingia na vumbi lake la msumeno, likatua lote juu ya ile meza iliyokuwa iking'aa.

Kioo anakumbuka meza. Baada ya hapo anakumbuka sakafu ya kituo cha polisi. Katikati hakuna kitu, hata akifumba macho. Wenzake ndio waliomwambia kwamba alichukua nyundo ya mbao akampiga Sponji kichwani mara mbili, na kwamba walipomshika alikuwa analia na kuifuta meza kwa kiganja.

"Umekunywa wewe," alisema askari wa zamu, akampa kifaa cha kupima pumzi. Kioo akapuliza, sifuri. Akapuliza tena, sifuri. Askari akakitikisa kile kifaa, akapuliza yeye mwenyewe, akakitazama kwa mashaka. Mke wa Kioo alipofika hakusalimia mtu. Alimsogelea mumewe, akamshika taya, akamnusa mdomo mbele ya watu wote, kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamechacha. Kisha akaachia pumzi.

"Hajanywa," aliliambia lile dawati la polisi, na machozi yakamtoka. Kesho yake daktari alipima damu, akakuta mvuke wa thina wa kumwangusha ng'ombe.

Sponji alilazwa wiki sita. Alipona kichwa, lakini pigo lile liliacha vidole vitatu vya mkono wa kushoto vimepooza. Vilining'inia tu. Fundi wa makochi bila vidole vya kuvutia kamba ni nani? Kioo alishtakiwa kwa kujeruhi, kosa la kumweka ndani miaka saba.

Wakili aliyepangiwa na mahakama alikuwa mwanamke kijana mwenye mafua yasiyoisha. Alikuja mahabusu na faili jembamba, wakakaa watatu kwenye benchi moja: wakili, Kioo, na mkewe katikati.

"Nisikilize vizuri, fundi," alisema, akipenga kamasi. "Sheria haimwonei huruma mlevi. Mtu akinywa kwa hiari yake, akavunja kichwa cha mwenzake, halafu akaja kusema 'sikuwa najitambua', mahakama inamwambia ni shauri lako, nani alikutuma. Lakini aliyeleweshwa bila kujua na bila kutaka, kwa uzembe wa mtu mwingine, huyo sheria inamsikiliza. Anaweza kutoka. Kwa hiyo nina maswali mawili tu. La kwanza, ulikuwa unajua kwamba hewa ya mle ndani inalevya?"

Mkewe alikuwa ameweka mkono juu ya goti lake, mkono wenye alama za sindano kwenye kidole gumba. Alikuwa anamtazama kwa uso ule wa kutaja cheti.

Mimi huamini kwamba kama angekuwa peke yake na wakili, Kioo angesema. Huenda najidanganya. Lakini hakuwa peke yake.

"Sikujua," alisema.

"Na feni?"

"Mbovu. Imeungua. Miaka mitatu sasa."

"Mwenye karakana anajua?"

"Anajua. Alisema atanunua nyingine."

Wakili akapiga mstari chini ya jibu hilo, mara mbili, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mkewe akamminya goti. Kioo akahisi mlango wa pili ukifungwa, na huu aliufunga mwenyewe, na tambara akaliweka mwenyewe. Akisema kweli anakwenda jela na mke anaondoka. Akishikilia uongo, mama wa watu, yule mjane aliyempa kazi wakati hakuna aliyethubutu kumpa hata panga la kufyekea, ndiye atakayebeba jina la mzembe. Akauchagua uongo. Usiku na mchana alijiambia ni kwa ajili ya watoto.

Mpelelezi naye alimsaidia bila kutumwa. Alifika karakana, akabonyeza swichi, feni haikuzunguka, akaandika "mbovu". Upelelezi ukaishia hapo. Akaufunga mlango, akaupiga lakiri ya mahakama, kwa kuwa chumba kizima kimekuwa kielelezo.

Kesi ilisikilizwa siku tatu. Sponji alipanda kizimbani akiwa ameubeba mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyebeba kitu cha kuazima.

"Uliwahi kumwonya mshtakiwa kuhusu hewa ya chumba kile?" aliuliza mwendesha mashtaka.

Sponji hakumtazama Kioo. Alitazama benchi la nyuma, alipokaa yule mshonaji na watoto wake wawili, wote wamevaa nguo zilizopigwa pasi.

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ni mtu wa makochi tu."

Watu wakacheka kidogo. Baadaye, kwenye korido, Kioo akiwa katikati ya askari wawili, Sponji alimpita karibu akasema kwa sauti ya chini: "Usinishukuru. Funika kombe mwanaharamu apite. Nimemwonea huruma yule mama." Akaenda zake. Kioo alitamani angetukanwa.

Mkewe aliulizwa kama mumewe ni mlevi. Alinyoosha mgongo. "Alikuwa. Mimi ndiye niliyemwacha kwa sababu hiyo, na mimi ndiye niliyerudi. Miaka minane sijasikia pombe mdomoni mwake. Na mimi, mheshimiwa, hunusa." Hakimu alitazama chini kwenye karatasi zake, akaandika muda mrefu.

Naye Kioo alipoulizwa, alisema "sikujua" mara tatu, na kila mara ilitoka laini kuliko iliyotangulia.

Hakimu alimwachia. Alisema mshtakiwa alileweshwa bila kujua wala kutaka, na kwamba chanzo ni uzembe wa mwenye karakana. Yule mjane, aliyekuwa na sauti ya kufika barabarani, alinong'ona tu: "Kweli nilisema nitanunua." Akajifunika uso kwa khanga. Kisha hakimu akaongeza jambo moja, la kawaida kabisa. Chumba kisitumike mpaka feni itengenezwe na fundi umeme, mbele ya karani wa mahakama, Jumatatu ijayo, ndipo lakiri ifunguliwe.

Watoto walimrukia shingoni. Wakili alipiga chafya ya furaha. Kioo alisimama katikati yao, na alichokuwa akikiona ni skrubu nne.

Jumamosi alikwenda karakana akijifanya kutafuta shati lake. Lakiri ilikuwa pale pale, nyekundu, na mlinzi alikuwa amewekewa kiti mbele yake. Jumapili mkewe alipika, akawaita majirani wawili, na walipoondoka alikaa kitandani karibu naye.

"Nisamehe, baba watoto."

"Kwa lipi?"

"Siku ile kituoni nilikunusa. Mbele za watu. Mwanamke gani humfanyia mumewe hivyo? Miaka minane unanipa ukweli, na mimi bado nanusa." Aliinuka, akaenda nyuma ya mlango, akalitoa begi la bluu kwenye msumari, akalikung'uta vumbi. "Hili nalo limekaa vya kutosha. Nitalitilia vipande vya sare."

Akaleta vipande vya kitambaa kutoka kwenye cherehani, vya kijani na vya kijivu, akavishindilia mle ndani mpaka begi likavimba, akalisukuma chini ya kitanda. Kioo alikuwa akimtazama. Hakuna jela ngumu kama kuombwa msamaha kwa kosa ambalo si kosa.

Jumatatu asubuhi alimwita mezani. "Mama watoto."

"Abee."

Neno lilifika mpaka menoni. "Chai ina sukari nyingi."

"Leo ni siku yako, kunywa hivyo hivyo," alisema, akijifunga khanga. "Na ninakuja na wewe. Nataka niione kwa macho yangu hiyo feni iliyotaka kuniulia mume."

"Hakuna cha kuona huko. Vumbi tupu."

"Vumbi silijui mimi? Twende."

Njia ni dakika ishirini kwa miguu. Wakati wote huo mke aliongea, na dakika ishirini zinatosha kuungama dhambi za ukoo mzima. Kioo alizitumia kukubali kwamba ndiyo, na kweli, na tutaona.

Karani wa mahakama alikuwa amekwisha fika na faili lake. Mwenye karakana alisimama pembeni kama mgeni kwenye mali yake. Sponji alikaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, mkono umelala mapajani. Lakiri ikavunjwa. Harufu ilikuwa bado ipo, hafifu, na Kioo alijichukia kwa sababu pua yake iliifurahia. Meza ya viti kumi na viwili ilikuwa pale pale na vumbi lake lililogandia. Tambara lilikuwa sakafuni, limekauka kama ubao.

Fundi umeme alikuwa mzee mcheshi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipanda kwenye stuli ile ile. Skrubu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilimsumbua kidogo. Ya nne. Akatoa kifuniko, akachungulia, akacheka.

"Nani aliwaambia hii imeungua? Mota nzima kabisa. Waya umechomolewa tu. Tena kwa adabu, ncha imekunjwa isiguse. Aliyefanya hivi ana mkono."

Alichukua ule waya kwa vidole viwili, akaurudisha mahali pake, akabonyeza swichi. Feni ilikohoa, ikasita, ikaanza kuzunguka. Ilizunguka vizuri sana.

Karani aliinua kalamu. "Sasa niandike nini?"

Mwenye karakana alimgeukia Kioo, sauti yake ikaanza kumrudia kidogo kidogo. "Uliniambia imeungua. Wewe. Hapo hapo uliposimama." Sponji aliinamisha kichwa, akawa anavitazama vidole vyake vitatu.

Lakini Kioo hakuwa anawatazama hao. Alikuwa anamtazama mkewe. Mkewe aliangalia feni, akaangalia stuli, akaangalia dirisha lililofungwa kwa ndani, akaangalia lile tambara. Alikuwa mshonaji. Miaka yote kazi yake imekuwa kutofautisha uzi uliokatika na uzi uliofumuliwa. Akamtazama Sponji aliyeshindwa kuinua uso, na hapo ndipo alipomaliza kuhesabu.

"Mama watoto, ngoja nikueleze..."

"Sijauliza," alisema.

Hakupandisha sauti. Alijitengeneza khanga, akamwinamia Sponji kidogo kumuaga, akatoka kupitia kwenye magunia ya maranda. Kioo alipiga hatua moja kumfuata, na karani akaweka faili mbele ya kifua chake. "Wewe baki hapa. Hili lazima lirudi kwa hakimu, na maelezo nayaandika sasa hivi."

Akabaki. Alikaa kwenye stuli, mlango uko wazi kabisa, dirisha limefunguliwa, feni inavuta hewa safi chumba kizima, na akasema yote tangu skrubu ya kwanza. Yalimchukua saa mbili.

Alifika nyumbani saa kumi, jua likiwa bado kali. Cherehani haikuwepo mahali pake. Kitandani, upande wake yeye, vipande vya sare vilikuwa vimetolewa vyote, vya kijani peke yake na vya kijivu peke yake, vimekunjwa vizuri. Aliinama akachungulia chini ya kitanda, ingawa alijua.